Kununua hisa NSE (soko la hisa la Nairobi) kwa simu: ukibonyeza, oda inaenda wapi?

Watu wengi wanapakua apu ya broka (dalali wa hisa), wanatuma pesa, wanabonyeza nunua, halafu wanalalamika wamepigwa bei. Mara nyingi broka hana makosa, ni vile hawajui oda, yaani agizo la kununua au kuuza, inasafiri aje.

Kwanza fungua akaunti ya CDS, ile inaweka hisa zako kwa kompyuta, kupitia broka au benki iliyo wakala. Bila hiyo hakuna kitu. Vile vyeti vya karatasi vya kuficha chini ya godoro vilianza kuisha nguvu hisa zilipoanza kuandikwa kwa kompyuta za CDSC, kampuni inayotunza hizo akaunti, mwisho wa 2004, na bila mabadiliko hayo hata soko la kielektroniki lisingewezekana maana utauza haraka aje na cheti kinabebwa kwa mkono?

Soko lenyewe ni la 1954, enzi hizo mabroka walikuwa wanaelewana kwa simu na kwa kikombe cha kahawa pale New Stanley, 1991 wakapata ukumbi wa kuitana bei kwa sauti, mpaka Septemba 2006 ndio mashine ikachukua kazi.

Sasa mashine inafanya nini? Inapanga foleni mbili, wanunuzi huku wauzaji kule. Mwenye bei nzuri (mnunuzi anayelipa zaidi, muuzaji anayeuza rahisi) anakaa mbele, bei zikilingana anatangulia aliyefika kwanza. Bei zikikutana, biashara imefanyika, haijalishi wewe ni tajiri ama hasla.

Kwa hivyo usiangalie bei ya mwisho peke yake, angalia foleni. Tuseme unataka hisa 1,000 na wauzaji wako hivi: 200 kwa shilingi 20, 300 kwa 20.50, 500 kwa 21. Ukiweka oda ya bei ya soko, yaani nunua kwa bei yoyote iliyopo, inazoa zote, unalipa wastani wa 20.65 na ulikuwa umeona 20, na hapo hujakatwa ada ya broka. Weka oda ya limiti, yaani usilipe zaidi ya bei uliyotaja, sema 20.20, upate 200 na hizo 800 zingoje. Kwa Safaricom haina shida sana, foleni ni ndefu. Zile kampuni hazina wanunuzi na wauzaji wengi ndio zinaumiza.

Pia chagua oda itakaa siku ngapi, ile ya siku moja inafutwa soko likifunga saa tisa alasiri na kesho unaanza tena nyuma ya foleni.