Kuvua changu kwa mshipi Ghuba ya Chwaka, kaskazi inapoisha

Machi ikishaanza kuyoyoma, upepo wa kaskazi huchoka. Tunaingia tangambili: upepo mwepesi, bahari shwari, jua la utosini. Wengi hurudi palepale walipopata changu mwezi wa Januari, wakakaa hadi adhuhuri, wakarejea na samaki watatu. Changu hajahama Chwaka. Amebadili saa na amebadili kina.

Ghuba yetu, mashariki ya Unguja, ina maji mafupi. Bamvua (maji makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu) ikipwa, sehemu kubwa hubaki mchanga na majani ya bahari matupu, na vidimbwi vilivyosalia huwa vya moto hadi mguu unashtuka. Samaki hakai humo. Maji yakijaa hupanda nayo juu ya majani, akaelekea upande wa mikoko kutafuta kaa na kamba. Yakipwa, hushuka nayo kwenye mifereji. Sisi tunamngoja njiani akishuka.

Hatua ya 1: Chagua siku
Siku ya mwezi kuandama na ya mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na jioni. Siku hizo mkondo ni mkali, chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) haitulii chini. Mimi hutoka siku ya tatu au ya nne baada ya hapo. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo yatakuwa yamejaa saa 12 na nusu au saa 1 na dakika 20 asubuhi, yakaanza kupwa jua likiwa bado jipya. Usiende kwa hesabu ya kichwani tu. Jana yake asubuhi shuka pwani, tazama yamejaa saa ngapi, kisha ongeza hizo dakika 50.

Hatua ya 2: Zana
Mshipi wa nailoni, chubwi mwishoni, ndoana mbili juu yake zikipishana shubiri moja. Chukua chubwi za uzito tofauti. Kwa chambo natumia kamba mbichi na vipande vya ngisi. Kamba ndiye anayemwita changu upesi, ila hata tasi mdogo humnyofoa; ngisi ni mgumu, hukaa kwenye ndoana. Nikiona nadonolewa sana, natia ngisi kwenye ndoana zote mbili.

Hatua ya 3: Tafuta ukingo
Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukiwa juu ya ngalawa, tazama rangi ya maji. Weusi ni majani, weupe ni mchanga, na ule ukanda wa kijani kilichokolea ni mfereji. Unataka mpaka: pale majani yanapokatika na sakafu inapoinama. Ukiona mwanya kati ya majani, kama njia ya mchanga inayoteremka kwenye mfereji, hapo usipapite. Samaki hutumia njia hizo kama sisi tunavyotumia vichochoro.

Tia nanga upande mkondo unakotoka, legeza kamba ya nanga taratibu, mpaka chambo kiangukie kwenye mteremko, si katikati ya mfereji. Nanga ishuke kwa mkono. Ukiitupa, umewafukuza. Penye madema (mitego ya samaki) ya watu, kaa mbali nayo. Mwenye dema naye ana watoto.

Hatua ya 4: Sikiliza kwa kidole
Chubwi ikigusa chini, vuta mshipi kiasi cha shubiri, kisha upitishe juu ya kidole cha shahada. Vidagaa na tasi hudonoa: ti-ti-ti-ti, mfululizo, bila uzito. Waache. Changu doa, yule mwenye baka jeusi ubavuni, hugonga mara moja, hunyamaza, kisha hugonga tena na mshipi ukaanza kwenda. Pigo la kwanza usilivutie, maana bado anaonja chambo. Pigo la pili, vuta mkono mara moja hadi begani na usilegeze. Atarudi mbio kwenye majani, na akiingia humo mshipi huzongwa. Kwa hiyo pima mbili za kwanza (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) mvute bila huruma, zilizobaki kwa upole.

Robo saa ikipita kimya, legeza kamba ya nanga pima mbili tatu, ushuke zaidi kwenye mteremko. Maji yakiendelea kupwa changu naye anateremka, na ukibaki ulipoanzia unavua mahali alipokuwapo.

Wadogo warudishe wakiwa hai, umeshika kwa mkono uliolowa. Ghuba hii imekokotwa sana na nyavu za majuya, majani yameng'olewa, na inaniuma kuona changu wa urefu wa kidole wakiuzwa kwa fungu.

Hatua ya 5: Ondoka mapema
Kiasi cha saa 4 au saa 4 na nusu, jua linachoma na changu amekwishatulia kwenye maji marefu. Funika samaki kwa gunia lililolowa, ng'oa nanga, rudi kwa kufuata mfereji. Ukikata njia juu ya majani wakati huo, ngalawa itakaa mchangani na utangoja maji ya jioni.