Tando za ubongo na njia ya damu: jifunze kwa kichwa cha mbuzi, hatua kwa hatua

Hii ni kwa madogo wa utabibu na unesi ambao chapta ya tando za ubongo imewakalia kooni. Nafundisha anatomia hapa Moshi na kila mwaka ni yale yale, mtu anakariri tando tatu, dura (ya nje), arakinoidi (ya kati), pia mater (ya ndani), vizuri kabisa, halafu ukimuuliza damu ya ubongo inatokaje ndani ya fuvu anaanza kuangalia dari. Picha ya kitabu haitakusaidia sana hapo. Tafuta kichwa cha mbuzi.

Hatua ya 1, kununua. Nenda bucha asubuhi, ukiwa Moshi zunguka zunguka soko la Mbuyuni hukosi, na jambo la kwanza mwambie muuzaji ASIPASUE maana mkono wake umezoea shoka, ukigeuka kidogo tu kashagawa kati na ulichokifuata ndio kimeenda. Chagua mbuzi mdogo, fuvu lake jembamba. Awe amepimwa na ana mhuri, mbuzi aliyejifia mwenyewe usimguse hata ukipewa bure, kuna kimeta. Vaa glovu na miwani, brusela (bakteria wa mifugo) inaingia hata jichoni.

Hatua ya 2, kufungua fuvu. Chuna ngozi na nyama, chora mstari na maka peni nyuma ya pembe, pita juu ya masikio, rudi hadi karibu na tundu la uti wa mgongo. Kata na msumeno wa chuma taratibu. Kwa mbele mfupa una vyumba vya hewa, kwa hiyo ukikuta uwazi usishangilie, kuna ukuta wa pili. Ukisikia msumeno unalegea simama, ingiza bisibisi bapa, zungusha, nyanyua. Mfupa utagoma kwa sababu dura imeung'ang'ania, ibandue na mpini wa kijiko.

Umeona ulivyobandua kwa nguvu? Kati ya mfupa na dura hakuna nafasi kiasili, nafasi inatengenezwa. Abiria wa bodaboda asiye na helmeti akipigwa kwenye panja (ubavuni mwa kichwa, kati ya jicho na sikio), mfupa wa pale ni mwembamba na ateri ya kati ya tando inapita nyuma yake, ikipasuka damu inabandua dura kama ulivyofanya wewe. Mgonjwa anaweza kuzinduka, akaongea na ndugu zake vizuri, halafu baada ya saa kadhaa anazima. Usimruhusu aende nyumbani eti kwa sababu anaongea.

Hatua ya 3, na hapa usikimbie. Dura ni nyeupe, ngumu, inang'aa kidogo. Katikati kutoka mbele kwenda nyuma kuna mstari wenye ubluu, hiyo ndio sainasi (mfereji wa damu inayotoka ubongoni) ya sajito ya juu. Ipasue kwa urefu na mkasi mdogo, sehemu ndogo tu. Utaona sio mshipa uliolala juu ya dura, ni dura yenyewe, tabaka zake mbili zimeachana na damu inapita katikati. Haina msuli, haina vali, na ukiikata haijikunji kujiziba kama ateri, ndio maana madaktari wa upasuaji wanaiheshimu sana. Sasa chukua sirinji, maji yenye rangi ya chakula, sukumia kwa mbele. Rangi itakimbilia nyuma. Isipoenda ni damu iliyoganda, suuza kwanza.

Kwa binadamu njia inaendelea hivi: sajito ya juu inafika kisogoni, pale inakutana na sainasi iliyonyooka inayoleta damu ya ndani kabisa kutoka vena ya Galen na sajito ya chini, halafu inagawanyika kulia na kushoto kwenye sainasi za transivasi (ya kulia mara nyingi ndio kubwa), inakunja kuwa sainasi ya sigmoidi, inatoka kwenye tundu la jugula na kuwa vena ya jugula ya ndani, huyoo shingoni.

Hatua ya 4. Kata dura pembeni na uinyanyue polepole kuelekea katikati. Angalia kwa makini, kuna vijiuzi vyembamba vinatoka juu ya ubongo vinaingia kwenye sainasi, vinavutika, vinavutika, vinakatika. Hizo ni vena za daraja. Ubongo wa mzee au mnywaji wa miaka mingi umesinyaa, kwa hiyo zimeshavutika tayari, anajigonga kidogo tu mlangoni zinakatika, damu inavuja polepole chini ya dura, na wiki kadhaa baadaye familia inasema babu amechanganyikiwa. Kwenye picha ya CT damu hiyo inakaa kama mwezi mchanga.

Hatua ya 5. Kinachobaki juu ya ubongo ni arakinoidi, kama nailoni, inaruka mabonde bila kuingia. Utando wa pia mater wenyewe unaingia kila bonde. Katikati yao ndio kuna maji ya ubongo, kwa mtu mzima kama mililita 150, na yanatengenezwa kama 500 kwa siku, mengi yanarudi kwenye damu kupitia sainasi. Ndio maana damu ikiganda kwenye sainasi, mfano kwa mama aliyetoka kujifungua, presha ya kichwa inapanda na kichwa kinamuuma vibaya.

Angalizo, kwenye sainasi ya kavenasi, iliyo chini ya ubongo, mbuzi atakudanganya. Kwako wewe ateri ya karotidi ya ndani na neva ya sita zinapita ndani yake, ila mbuzi mkubwa ana wavu wa viateri vidogo pale. Hiyo sehemu tumia modeli.

Ukimaliza zika mabaki, mbwa asiyapate. Ukikuta kwenye ubongo kifuko cha maji chenye vidoti vyeupe, ni minyoo ya kile kizunguzungu cha mbuzi na kondoo, Wamasai wanakiita ormilo. Mbwa akila kifuko hicho anapata tegu, mayai yanatoka na kinyesi na kurudi malishoni, kwa hiyo hicho kichome moto kabisa.