SOMO: Pawabenki kwa seli za betri ya laptopu iliyokufa (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, swali la "nina betri ya laptopu, nitengenezeje pawabenki" limejibiwa mara nyingi mno. Naliandika mara moja, atakayeuliza tena apewe kiungo. Tuelewane mapema: kuunganisha ni kazi ya nusu saa, kupima ni kazi ya wiki mbili na ushee. Anayetaka ile nusu saa peke yake, somo hili halimhusu.

Betri inayofaa ni ile nene ya laptopu za zamani, ambayo kwa kawaida ina seli 6 za duara aina ya 18650, yaani milimita 18 upana na 65 urefu. Laptopu nyembamba za siku hizi zina seli bapa za mfuko laini, hizo ziache. Betri "iliyokufa" mara nyingi haijafa yote. Seli zimepangwa jozi tatu kwa mfululizo, jozi moja ikichoka kibao cha ulinzi kinafunga pakiti nzima, na zile nne zilizobaki zinaweza kuwa bado na nguvu.

Mahitaji: multimita, chaja ya TP4056, kipima uwezo (ZB2L3 inatosha), rezista ya omu 3.9 ya wati 10, kibao cha pawabenki chenye chipu ya IP5306 au inayofanana nayo, kibao cha ulinzi cha seli moja kinachobeba angalau ampia 6, fyuzi ya ampia 7, waya wa milimita 0.75 za mraba, vibamba vya nikeli vya 0.15 kwa 8 mm, na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya 1. Fungua kasha kwa kupenyeza bisibisi bapa kwenye mshono na kuipindua. Usiichome ndani. Bisibisi ikitoboa gamba la seli, peleka seli hiyo nje haraka.

Hatua ya 2. Kata vibamba kimoja kimoja, kamwe usikate viwili kwa mkato mmoja. Kumbuka kwamba gamba lote la 18650 ni hasi, hadi kwenye bega linalozunguka kichwa cha chanya. Kinachotenganisha chanya na hasi pale juu ni pete ndogo ya karatasi na plastiki nyembamba. Pete ikichanika ukaweka kibamba juu yake, umeshapiga shoti. Weka pete mpya kwenye kila seli, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Hatua ya 3. Pima volti. Juu ya 2.5 V endelea. Kati ya 2.0 na 2.5 ijaribu kwa mkondo mdogo (TP4056 yenyewe huanza na kama 130 mA seli ikiwa chini ya 2.9 V). Chini ya 2.0 V ipeleke kwenye taka za betri. Seli ikishuka mno, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo hujijenga mahali isipotakiwa. Shoti inatokea ndani, tena si lazima siku ile ile.

Hatua ya 4. Chaji moja moja hadi 4.20 V. Ya 2,200 mAh (milliampia-saa, kipimo cha uwezo wa seli) kwa ampia 1 huchukua kama saa tatu. Ikifika saa tano taa haijabadilika, au seli ikawa ya moto mkononi, itupe. Chipu ya TP4056 kuwa moto ni kawaida, seli kuwa moto si kawaida. Harufu tamu kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha maana yake seli inavuja.

Hatua ya 5. Saa moja baada ya kutoa kwenye chaja, pima na uandike volti juu ya seli kwa kalamu. Ziache siku 14, pima tena. Iliyo chini ya 4.10 V inajimaliza yenyewe, haifai. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo seli mbovu hasa hukamatwa.

Hatua ya 6. Chaji tena zijae, kisha pima uwezo kwa kuzimaliza hadi 3.0 V. Seli iliyoandikwa 2,200 mAh ikitoa 1,760 (asilimia 80) ni nzuri. Kisha ukinzani wa ndani (jinsi seli yenyewe inavyozuia mkondo): soma volti bila mzigo, unganisha rezista ya 3.9, soma tena papo hapo kwenye ncha za seli. Mfano 4.15 ikishuka hadi 4.05: mkondo ni 4.05 ÷ 3.9 = 1.04 A, pengo ni 0.10 V, ukinzani ni takriban milliomu 96. Kwa kazi hii usivuke 100.

Hatua ya 7. Kuunganisha sambamba. Hii isome mara mbili, kwa sababu hata mtu aliyepima kila kitu vizuri huharibu hapa, nami niliwahi kuwa mmoja wao. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, inaonekana haina hatari. Hatari ipo kwenye tofauti ya volti. Chukua seli tatu za 4.15 V na ya nne ya 3.45 V, kila moja ukinzani wa milliomu 70. Ukigusisha, zile tatu zinaimwagia ya nne: pengo ni 0.7 V, ukinzani wa njia nzima ni kama milliomu 93, kwa hiyo mkondo wa kuanzia ni karibu ampia 7.5. Seli kuukuu ya 2,200 mAh inatakiwa ichajiwe kwa ampia 1 hivi. Hakuna chaja hapo, hakuna kikomo, na kibao cha ulinzi hakioni kitu kwa sababu mkondo unazunguka kati ya seli zenyewe. Hutaona cheche kubwa wala kusikia mlio. Utakuta tu seli moja ina joto, na kibamba kinaanza kubadilika rangi.

Kwa hiyo: zichaji zote kwa chaja ile ile hadi taa ibadilike, ziache zipumzike usiku kucha, kisha pima. Tofauti kati ya iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa isizidi 0.05 V. Usisome volti mara tu unapotoa kwenye chaja, namba ile inadanganya. Usiunganishe seli uliyotoka kuipima uwezo na iliyojaa, hata "kwa muda tu kujaribu". Tena usichanganye ya 1,500 na ya 2,400 mAh kwa kisingizio kwamba sambamba zitajisawazisha. Volti zitasawazishwa, ndiyo, ila seli mbovu ikishaingia kwenye kundi huwezi kuiona tena kwa multimita. Zote zitasoma namba moja huku yenyewe ikinyonya wenzake.

Kuhusu kulehemu: tumia mashine ya kuchomelea vibamba, au makasha ya kupachika seli yenye waya nene, usilehemu kwa risasi juu ya seli. Risasi ya 63/37 huyeyuka kwa nyuzi 183, na utando unaotenganisha pande mbili ndani ya seli huanza kuziba kwenye nyuzi 130 hivi. Hesabu iko wazi.

Hatua ya 8. Seli → fyuzi kwenye chanya → kibao cha ulinzi → kibao cha pawabenki. Waya usiwe mwembamba kuliko nilivyosema. Ukitoa 5 V kwa 2.4 A ni wati 12. Kwa ufanisi wa asilimia 85 seli zinatoa wati 14. Zikiwa zimeshuka hadi 3.2 V huo ni mkondo wa ampia 4.4.

Hatua ya 9. Kasha lolote la plastiki gumu, seli zisicheze ndani.

Tarajieni nini? Seli nne za 2,000 mAh: 4 × 2.0 × 3.6 = 28.8 Wh (wati-saa), baada ya hasara 24.5 Wh, yaani kama 4,900 mAh ukipima kwenye 5 V. Na hii ndiyo hila ya maboksi ya dukani: "10,000 mAh" ni ya seli kwenye 3.7 V, si ya kinachotoka kwenye tundu la USB. Wakiandika Wh nitawaamini zaidi.

MASWALI

Kizibo: Mkuu somo zuri. Mimi zangu zote 6 zinasoma 0.9 V, nifanyeje ziamke?

Mtoa somo: Hatua ya 3.

Kizibo: Nimeisoma, ila kuna video jamaa anagusisha na betri ya 9 V kidogo tu zinaamka.

Mtoa somo: Zinaamka, ndiyo. Video haionyeshi zinavyokuwa mwezi wa tatu. Zitupe.

Sumaku: Naomba kueleweshwa. Kwa nini siku 14, isiwe siku mbili? Na je, kipimo cha uwezo hakiwezi kuonyesha seli inayojimaliza?

Mtoa somo: Swali zuri. Kipimo cha uwezo huchukua saa nne hivi. Seli inayojimaliza kwa 5 mA itapoteza 20 mAh tu kwa muda huo, huwezi kuona. Kwa siku 14 (saa 336) inapoteza karibu 1,700 mAh, seli ya 2,200 inabaki na robo. Inayovuja 1 mA inapoteza 336, na volti inashuka vya kutosha kuonekana. Ndani ya siku mbili hiyo ya 1 mA imepoteza 48 mAh, na seli nzima nayo hushuka kidogo mwanzoni ikitulia baada ya chaji, kwa hiyo utazichanganya. Kama una haraka, ziache wiki moja na uwe mkali zaidi kwenye namba. Multimita yenye tarakimu tatu baada ya nukta inasaidia sana hapa.

Sumaku: Asante sana, sasa nimeelewa hiyo hatua inatafuta nini.

Moto wa Kuni: Mnatisha watu bure. Nimeunganisha seli za laptopu bila kupima chochote na zinafanya kazi mpaka leo.

Mtoa somo: Hongera. Ulipima tofauti ya volti kabla ya kuziunganisha?

Moto wa Kuni: Hapana, ndiyo maana nasema haina haja.

Mtoa somo: Seli zilizotoka pakiti moja mara nyingi huwa zimekaribiana volti, kwa hiyo zilikubeba. Ukichanganya za pakiti mbili hutapata bahati hiyo. Namba nimeziweka hatua ya 7, zipinge kwa namba.

Nyuzi Sita: Niongezee kwa wanaonunua seli mpya badala ya kutoa kwenye laptopu: ukiona 18650 imeandikwa 9,900 mAh, acha. Nyingi nzuri ziko kati ya 2,000 na 3,500. Tumia mizani ya jikoni: ya kweli huwa gramu 44 hadi 49. Ukikuta 30, ndani kuna seli ndogo na nafasi tupu.

Mtoa somo: Kweli kabisa. Mizani inakamata uongo huo hata kabla hujashika multimita.

Dogo Chaja: naweza kuchanganya na betri ya simu ya zamani ili iwe na mAh nyingi?

Mtoa somo: Hapana.

Dogo Chaja: kwa nini mkuu? zote si lithiamu

Mtoa somo: Betri nyingi za simu huchajiwa hadi 4.35 au 4.40 V, zako mwisho 4.20. Uwezo tofauti, umri tofauti, na ile ya mfuko haina gamba la chuma. Soma tena sehemu ya kuchanganya.

Paneli: Nimemaliza kuunganisha, seli 4.18 V, lakini upande wa kutoa wa kibao cha ulinzi ni sifuri. Kimeungua?

Mtoa somo: Pengine hapana. Vingi vinavyotumia chipu ya DW01 huanza vikiwa vimelala. Peleka umeme wa chaja upande wa kutoa kwa sekunde moja, kitaamka. Kisipoamka, angalia kama B- (hasi ya seli) na P- (hasi ya kutoa) hujazibadilisha.

Paneli: Kimeamka! Swali la pili: nataka iwashe taa ndogo ya LED usiku kucha, inajizima baada ya nusu dakika.

Nyuzi Sita: Hiyo ni IP5306, mzigo ukiwa chini ya 45 mA hivi kwa sekunde 32 inadhani hakuna kitu. Ongeza rezista ya omu 82 ya nusu wati kwenye 5 V, inakula 61 mA.

Mtoa somo: Inafanya kazi, ila ni 0.3 W zinazopotea bure muda wote. Kwa taa ndogo, heri ubadilishe kibao: kipandishi cha volti cha kawaida kisicho na kujizima, nyuma ya kile kile cha ulinzi. Usisahau swichi.

Sumaku: Na kama naiweka tu bila kuitumia miezi kadhaa?

Nyuzi Sita: Iache kwenye 3.7 hadi 3.8 V, mahali pa baridi. Ikikaa imejaa inazeeka haraka.

Kizibo: Nimetupa zile sita. Nimepata pakiti nyingine, moja inasoma 2.1, tano zinasoma 3.4.

Mtoa somo: Vizuri. Ile ya 2.1 ichaji peke yake, ukae nayo karibu, na usiiweke kundi moja na wenzake hadi siku 14 ziishe.