Somo: Jinsi ya kuomba konsesheni ya msitu wa jamii katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Kwa kuwa swali hili hunijia tena na tena kutoka Ituri, Tshopo na Kivu Kaskazini, naandika utaratibu wote hapa. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kupewa konsesheni, yaani haki ya kuutumia na kuusimamia msitu inaoumiliki kimila, usiozidi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda.

1. Itisheni mkutano wa jamii nzima na muandike kumbukumbu zake.

2. Ulizeni idara ya mazingira ya jimbo kama eneo hilo limo ndani ya hifadhi au konsesheni ya kampuni ya mbao.

3. Choreni ramani. Maombi mengi huharibikia hapa, kwa sababu wakubwa wa kijiji huketi barazani na kuchora mipaka kwa kukumbuka tu, ilhali Wambuti, yaani Wambilikimo wawindaji wa msituni, ambao ndio wanaoujua msitu huo kijito kwa kijito, hawakuitwa. Tembeeni mpaka mzima pamoja nao mkiwa na kifaa cha GPS, mkiandika kambi za zamani, njia za kuwinda kwa nyavu, miti ya asali na makaburi, kila mahali kwa jina wanalolitumia wao. Waiteni pia majirani wa kila upande, nao watie saini mnapokutana mpakani, kwa maana jirani aliyerukwa ndiye atakayeleta pingamizi tangazo la maombi yenu litakapobandikwa. Angalieni sana: Mmbuti asiandikwe kama mgeni wa mwenye shamba. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki za Wambilikimo wa asili juu ya ardhi yao, na ramani inayowaficha inawanyang'anya haki hiyo kwa mkono wa jamii yenyewe.

4. Pelekeni faili serikalini; anayetia saini ni liwali wa jimbo.

5. Mkishapewa, undeni kamati ya usimamizi, kamati ya udhibiti na baraza la wazee, kisha mwandike mpango rahisi wa usimamizi.

MASWALI

Mwanachama wa Beni: Kuna mtu anataka fedha atuletee hati kutoka Kinshasa. Tumlipe?

Jibu: Msimlipe. Nimekwisha kuandika kwamba konsesheni hutolewa bila malipo na anayetia saini ni liwali.

Mwanachama wa Bafwasende: Wazee wana haraka. Je, ramani ya intaneti haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Tafadhali soma hatua ya 3 hadi mwisho.

Mwanachama wa Mambasa: Mahali wanapokwenda wanawake, nako kuandikwe?

Jibu: Naam, na nashukuru kwamba umeuliza. Wanaume wakitembea peke yao, ramani hujaa njia za mawindo tu. Tembeeni siku nyingine na wanawake, waonyeshe vijito wanavyovifungia maji ili kuvua samaki, miti ya viwavi, sehemu za uyoga na magome ya dawa. Mpango wa usimamizi utakapogawa maeneo ya kukata mbao na ya kulima, mahali ambapo hapakuandikwa huonekana kama hapana mwenyewe.

Mwanachama wa Walikale: Sisi tulikwenda msimu wa asali, Wambuti wakiwa tayari wamehamia ndani ya msitu. Hatukuwa na haja ya kuwaita kijijini, na kila mti waliutaja pale pale ulipo.

Jibu: Hilo ni jambo jema. Wanaopanga safari wauchague msimu huo, wabebe chakula chao wenyewe, na nakala ya ramani ibaki kambini.