Kwenda Kufundisha Korea Ukitokea Dar es Salaam

Jambo la kwanza ni la kisheria, na ni afadhali lijulikane kabla mtu hajamlipa wakala hata shilingi moja. Viza ya E-2, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi wa walimu wageni wa Kiingereza katika shule na vituo vya tuisheni vya Korea Kusini, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwenye pasipoti ya Tanzania hayumo katika orodha hiyo, hata awe anakimudu Kiingereza namna gani. Njia iliyo wazi zaidi kwetu ni ya vyuo vikuu, ama kwa kuajiriwa kuwa mhadhiri kwa viza ya E-1, ama kwa kwenda kusoma kwanza kwa viza ya D-2. Mimi nilipita njia ya chuo, na yote ninayoyaeleza hapa yanamhusu mtu wa aina hiyo.

Vyeti vya masomo na cheti cha tabia njema kutoka Polisi vianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Korea huanza mwezi wa Machi. Ubalozi wa Korea uko hapa hapa Dar es Salaam, kwa hiyo maswali ya viza yapelekwe huko. Ukishafika, una siku 90 za kujiandikisha uhamiaji ili upate kadi ya ukazi, nawe usingoje siku za mwisho, maana bila kadi hiyo mambo ya benki na laini ya simu huwa magumu.

Kabla ya kuondoka, jifunze kusoma hati ya Kikorea, yaani Hangul. Mfalme Sejong aliibuni mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446 akitaka hata mtu wa kawaida aweze kusoma. Ina herufi za msingi 24, na mtu anayejituma dakika chache kila siku ndani ya mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, atakuwa anazisoma baada ya wiki mbili.

Darasani utakutana na jambo ambalo mwalimu aliyelelewa katika Kiingereza huchukua muda mrefu kulielewa, lakini wewe utalielewa siku ya kwanza. Kikorea, kama Kiswahili, hakipendi konsonanti zirundikane. Lile neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifanya aisikrimu, wao wamelifanya aiseukeurim. Kahawa huitwa keopi kwa sababu lugha yao haina sauti ya f, na piza huwa pija kwa sababu haina z. R na l kwao ni herufi moja, nasi tunao ndugu zetu ambao sauti hizo mbili huwachanganya vilevile. Neno kama strike, ambalo kwa Kiingereza ni silabi moja tu, mwanafunzi atalitamka seu-teu-ra-i-keu, silabi tano kamili, naye hatasikia tofauti yoyote.

Usimsahihishe kwa kulirudia kwa sauti kubwa. Liandike ubaoni kwa Hangul kama anavyolitamka yeye, kisha funika irabu za ziada kwa kiganja, moja baada ya nyingine, na umwombe alitamke neno zima ndani ya kofi moja tu la mikono. Nimeona mtoto wa miaka kumi na moja akicheka kwa furaha pale aliposikia neno limefupika kinywani mwake mwenyewe. Mwambie pia kwamba wewe ulijifunza Kiingereza shuleni, kama yeye. Jambo hilo humtoa mwanafunzi woga kuliko sifa yoyote.

Mwalimu huitwa seonsaengnim, na kile kipande cha mwisho, nim, ni cha heshima. Karatasi, daftari au zawadi hupokelewa kwa mikono miwili, jambo ambalo aliyelelewa vizuri na bibi yake Temeke halihitaji kufundishwa. Lakini kalamu nyekundu iangalie sana: sahihisha nayo majibu ukipenda, ila jina la mwanafunzi usiliandike kwa wino mwekundu, kwa kuwa kwao rangi hiyo katika jina la mtu huhusishwa na kifo.

Nyumbani ndiko utakakopata taabu zaidi, na taabu yenyewe ni takataka. Tangu mwaka 1995, uchafu wa kawaida hutupwa ndani ya mifuko maalumu ya kulipia, inayouzwa madukani na kutumika katika wilaya husika tu. Mabaki ya chakula huwekwa peke yake, nayo karatasi, chupa, makopo na plastiki hutengwa. Wiki yangu ya kwanza, mama mwenye nyumba alinigongea mlango ameshika mfuko wangu wa mabaki, akauweka sakafuni, akatoa mifupa ya kuku mmoja mmoja na kuipanga juu ya gazeti. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinifundisha kwamba mifupa, maganda ya mayai na kokwa ngumu hazihesabiwi kuwa chakula, bali huingia katika mfuko wa kawaida.

Viatu huvuliwa mlangoni, na shuleni huwa kuna kandambili za ndani. Sakafu hupashwa moto kwa mabomba ya maji yaliyopita chini yake, mfumo uitwao ondol. Wakati wa baridi kali ya Januari, usiuzime kabisa unaposafiri, bali uache moto mdogo, maana maji yakiganda mabomba hupasuka. Kuhusu chakula usihofu: wali upo kila siku, pweza wapo, na dagaa wakavu waliokaangwa kwa sosi tamu huletwa mezani kama kitoweo cha pembeni. Mwislamu atapata msikiti mkubwa wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, katika mtaa wa Itaewon.

Mwisho ni simu ya nyumbani. Korea iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na tofauti hiyo ni ile ile iliyopo kati ya saa ya Kizungu na saa ya Kiswahili. Kwa hiyo huhitaji hesabu yoyote. Tazama saa ya ukutani hapo Seoul na uisome kama ilivyo: ikionyesha moja mchana, Dar es Salaam ni saa moja asubuhi, na mama ameshaamka. Ikionyesha tisa usiku, kwetu ni saa tisa alasiri.