SOMO: Kupima darasa zima kwa simu moja na kadi za karatasi (Plickers)

Nimechoka kujibu swali la "Plickers inatumikaje darasani?" inboksi mmoja mmoja, kwa hiyo naliweka hapa. Atakayeniuliza tena namtumia linki.

Simu ni ya mwalimu tu. Wanafunzi wanashika kadi za karatasi zenye alama nyeusi, na kamera ya simu ndiyo inayosoma majibu yao kwenye alama hizo.

1. Pakua programu ya Plickers, fungua akaunti ya bure.

2. Ingiza majina ya darasa. Kila mtoto anapata namba, na hiyo ndiyo namba ya kadi yake.

3. Chapa kadi kutoka kwenye tovuti yao. Seti ya kawaida ni kadi 40. Ipo pia ya 63.

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. USIPIGE lamineti ya kung'aa. Dirisha likiwa nyuma yako, plastiki inarudisha mwanga na kamera inaona doa jeupe tu. Manila nyeupe inatosha. Kijana wa stesheneri asikate hadi kwenye alama nyeusi eti zipendeze: ule ukingo mweupe ndio unaoisaidia kamera kuitambua alama. Wino ukififia, mrudishie achape upya. Watoto washike kadi pembeni. Kidole kikifunika alama, huyo hasomwi.

4. Andika swali ubaoni, projekta si lazima. Pande nne za alama zina herufi A, B, C na D. Mtoto anageuza kadi jibu lake likae juu. Herufi ni ndogo na kila kadi ina umbo lake, hivyo kuchungulia kwa jirani hakusaidii.

5. Pitisha kamera taratibu. Majibu yanatokea kwa majina.

6. Swali lenyewe. Kila jibu lisilo sahihi liwe na sababu yake. Mfano wa sehemu: 1/2 + 1/3. Aliyechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wa 2/6 kapata asili ya pamoja, kasahau kubadili viasi. Wa 1/6 kazidisha. Jibu ni 5/6. Ukikuta nusu ya darasa iko 2/6, hurudii somo zima, unarudia hatua moja. Ukijaza majibu ya kubuni kama 9/14, utajua nani kakosa, hutajua kwa nini.

Na matokeo haya usiyaingize kwenye maksi. Wakijua yanahesabiwa, wataanza kunong'onezana.

MASWALI

Mdau: Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi simu. Tufanyeje?
Jibu: Soma aya ya pili.

Mdau: Kwangu inagoma.
Jibu: Inagoma nini? Kuingia, kuchapa, au kusoma kadi? "Inagoma" siwezi kuitibu.

Mdau: Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 90, kadi hazitoshi.
Jibu: Wawili wawili kwa kadi moja. Wape dakika wabishane kwanza, wewe pita katikati ya madawati usikilize. Hapo utaokota mengi ambayo simu haitakuonyesha.

Mdau: Anayebahatisha naye anaonekana kapata. Unamtofautishaje na anayejua?
Jibu: Swali zuri sana hili, mwalimu. Toa swali la pili la aina ileile, mfano 1/4 + 2/5, na jibu sahihi lihamie herufi nyingine. Aliyebahatisha mara nyingi anaangukia hapo. Pia mara mojamoja mimi naiacha D iwe "bado sijaelewa". Mwanzoni hawaichagui, wanaona aibu. Wakishaona aliyeichagua hachekwi wala hafokewi, wanaanza kuitumia, na hao ndio wa kuanza nao.

Mdau: Na simu ikizima katikati ya kipindi?
Jibu: Vidole kifuani, kimoja A, viwili B. Kifuani, si juu, ili jirani asione.

Mdau mwingine: Naongezea. Fungeni kadi kwa safu, kila safu na rababendi yake, kiranja wa safu agawe na kukusanya. Ikipotea moja, chapeni hiyohiyo, msirudie seti nzima.