Kuuliza swali la ndiyo au hapana kwa karata za taroti

Karata za taroti ni 78: kuu 22, zenye majina kama Jua, Mnara na Mwezi, na nyingine 56 za vikombe, panga, fimbo na sarafu, ambazo ni ndugu wa kopa, shupaza, pau na uru tunazochezea barazani. Zilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na desturi ya kuzitumia kutazamia mambo ilishika Ufaransa katika karne ya 18.

Kazi kubwa iko kwenye swali. Muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akiuliza biashara yake itakuwaje, hakuna karata itakayomjibu ndiyo wala hapana, lakini akiuliza, "Je, nimkopeshe mteja huyu magunia mawili hadi mwisho wa mwezi?", ameuliza jambo moja, lenye muda wake, na ambalo uamuzi wake umo mikononi mwake. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa kuwa siamini kwamba karata inaijua kesho. Naamini humfanya mtu alitazame vizuri jambo ambalo amekuwa akilikwepa. Kama dagaa wataadimika siku za mbalamwezi si swali la taroti, maana watu wa ziwani wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Anayetaka kuvuka kwenda Ukerewe wakati wa upepo asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mgonjwa aende hospitali.

Swali likishaandikwa, weka kanuni kabla ya kugusa karata: iliyosimama wima ni ndiyo, iliyopinduka kichwa chini ni hapana. Changa karata, zikate mafungu mawili, geuza fungu moja ili vichwa vielekee ilikokuwa miguu, kisha uzichange tena pamoja; bila hivyo zote zitabaki wima na kila jibu litakuwa ndiyo. Kama dirisha linatazama ziwa, lifunge, kwani upepo wa alasiri hupeperusha karata. Chomoa moja na uifunue kwa ubavu, kama ukurasa wa kitabu. Ukiifunua kutoka juu kwenda chini, utakuwa umeipindua mwenyewe na jibu limeharibika.

Ukiishia kwenye wima na kupinduka, hujafanya zaidi ya kurusha shilingi. Itazame picha. Katika seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, Sita ya Sarafu inaonyesha mtu mwenye mali akiwapa sarafu watu wawili waliopiga magoti, huku mkono wake mwingine umeshika mizani. Muuza dagaa wetu akiipata ikiwa wima amejibiwa ndiyo, ila mizani ile inamtaka apime anachotoa, na huenda gunia moja likatosha badala ya mawili. Mnara, hata ukiwa wima, wasomaji wengi huuhesabu kuwa hapana, na Mtu Aliyening'inizwa humaanisha subiri.

Jibu lisipokupendeza, usichange tena kwa swali lilelile. Anayetaka uzito zaidi aamue tangu mwanzo kuchomoa karata tatu na kufuata zilizo nyingi. Andika daftarini tarehe, swali na karata iliyotoka, na mwisho wa mwezi uandike pembeni kama mteja alilipa.